Waraka ni Nusu ya Kuonana: Askari Kambini na Habari za Nyumbani, Marekani 1861–1865

Wahenga walisema waraka ni nusu ya kuonana. Sisi tunaolala bwenini hatuhitaji kuelezwa maana ya msemo huu. Tunajua jinsi mtu anavyoanza kuhesabu siku juma la tatu tu la muhula, na jinsi anavyoangaza macho langoni siku ya wageni ilhali moyo unamwambia kuwa leo hakuna atakayekuja. Sasa hebu fikiri, ndugu msomaji, juu ya kijana wa rika letu au mkubwa wetu kidogo, aliyekaa hivyo si miezi mitatu bali miaka mitatu, hana simu ya mwalimu wa zamu wala siku ya wageni, na kila jioni hajui kama kesho ataiona.

Vijana wa namna hiyo walikuwa mamilioni katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani. Katika vitabu vya Historia tunasoma habari za Rais Abraham Lincoln na majenerali wake, tunakariri miaka, tunafanya mtihani, basi. Mimi nataka kueleza jambo jingine: jinsi askari wa kawaida alivyoishi kambini, habari za nyumbani zilivyomfikia, na jinsi habari hizo zilivyokuwa na nguvu ya kumfanya abaki vitani au avunje kambi usiku akimbie.

Kwanza tuweke msingi. Mwaka 1860 kulikuwa na watumwa Weusi karibu milioni 4 nchini Marekani, wengi wao wakilima pamba katika majimbo ya Kusini. Lincoln, aliyepinga utumwa usienee katika maeneo mapya, aliposhinda uchaguzi mwaka huo, majimbo ya Kusini yakaanza kujitenga moja baada ya jingine hadi yakafika 11, yakaunda serikali yao wenyewe. Tarehe 12 Aprili 1861 mizinga ya Kusini ikaifyatulia ngome ya Fort Sumter huko South Carolina. Pande zote mbili zilidhani kazi itakwisha kwa miezi michache. Ilichukua miaka 4, na kwa hesabu iliyozoeleka watu kama 620,000 walikufa. Wanahistoria wa siku hizi wanasema huenda walizidi hapo sana.

Wengi tukisikia neno vita tunawaza risasi na moshi. Kumbe siku za mapigano zilikuwa chache. Siku nyingi askari alikuwa kambini tu, akifanya kwata. Asubuhi kwata, mchana kwata, jioni gwaride. Katikati ya hayo alichota maji, alikata kuni, alichimba mitaro na alikaa zamu. Wakati wa kiangazi alilala katika kihema kidogo kilichofungwa kwa vifungo: kila askari alibeba nusu ya turubai, na akitaka kulala sharti apate mwenzake mwenye nusu nyingine. Majira ya baridi yalipofika, majeshi yaliacha kupigana kwa sababu barabara ziligeuka tope tupu. Hapo askari walikata miti wakajenga vibanda vya magogo, wakaziba nyufa kwa udongo, na juu ya dohani ya vijiti na matope wakapachika pipa kuukuu lisilo na kitako ili moshi utoke. Mara nyingine pipa lenyewe lilishika moto, na jirani wakapata kichekesho cha usiku huo.

Chakula je? Sisi tunaonung'unikia maharagwe yenye fukusi tungenyamaza. Askari wa Kaskazini alipewa biskuti za mraba za unga na maji, 9 au 10 kwa siku, ngumu kama kigae. Wengine walizivunja kwa kitako cha bunduki. Zikikaa ghalani muda mrefu zilipata wadudu, na dawa yake ilikuwa kuzitumbukiza katika kahawa ya moto: wadudu wanaelea juu, unawaengua, unakula. Nyama ilikuwa ya nguruwe iliyotiwa chumvi. Lakini kahawa! Kahawa ndiyo iliyokuwa roho ya askari wa Kaskazini. Aliinywa kabla ya safari, baada ya safari, na safarini kila waliposimama kupumzika.

Askari wa Kusini alikula zaidi unga wa mahindi, na kahawa hakuwa nayo, kwa kuwa manowari za Kaskazini zilifunga bandari zote. Walijaribu kukaanga mahindi, viazi vitamu, hata mbegu za mti wa mwaloni ili wapate kitu cheusi cha kunywa. Ila walikuwa na tumbaku nyingi, ambayo wenzao wa Kaskazini waliitamani. Basi katika majira ya baridi ya 1862 hadi 1863, majeshi mawili yalipokaa yakitazamana ng'ambo hii na ile ya mto Rappahannock, jimbo la Virginia, askari walitengeneza vimashua vidogo vyenye tanga, wakavipakia kahawa upande huu na tumbaku upande ule, wakaviachia upepo. Ndani ya vimashua hivyo waliweka pia magazeti. Wakubwa walikataza biashara hiyo, lakini nani angewasikiliza? Mtu aliyekulenga bunduki mwezi uliopita anakutumia gazeti la kwao ili usome, nawe unamtumia la kwenu. Kiu ya habari haikujua adui.

Kilichowaua askari zaidi hakikuwa risasi. Katika kila maiti 3, kama 2 hivi zilikuwa za ugonjwa. Watu elfu kadhaa wakikaa mahali pamoja, wakichimba choo karibu na kisima, matokeo yake tunayajua tangu darasa la Sayansi: kuhara, kuhara damu, homa ya matumbo. Vijana waliotoka mashambani, ambao utotoni hawakuwahi kukutana na watu wengi, walishikwa na surua mara tu walipofika kambini, wakafa kabla ya kumwona adui hata mmoja. Na chawa walikuwa wa kila mtu, kuanzia kuruta hadi ofisa.

Katika maisha kama hayo, saa iliyongojewa kuliko zote ni ile ya kugawa barua. Mtu mmoja wa kikosi anasimama na mfuko, wengine wanamzunguka, anaita majina. Anayeitwa anajitokeza mbio. Asiyeitwa anageuka polepole, anajifanya ana kazi nyingine. Jambo la kuhuzunisha ni pale jina linapoitwa na kimya kinajibu, kwa maana mwenye jina alizikwa juzi.

Posta ya Kaskazini ilifanya kazi vizuri ajabu. Stempu ya barua ilikuwa senti 3. Tangu Julai 1861 askari asiye na stempu aliruhusiwa kutuma barua bila kulipa, mradi bahasha iandikwe kuwa ni barua ya askari na kuthibitishwa na ofisa. Senti 3 zililipwa na aliyeipokea. Na stempu zenyewe zilikuwa balaa: mfukoni mwa mtu aliyetota jasho na mvua zilinatana zikawa donge moja. Wasiokuwa na karatasi walipewa bure na vyama vya hisani vilivyotembelea kambi. Waliolazwa hospitalini bila nguvu ya kushika kalamu waliandikiwa na watu wa kujitolea. Mmoja wao, katika hospitali za mji wa Washington, alikuwa mshairi Walt Whitman, aliyekaa kando ya vitanda akiwaandikia majeruhi barua za kwao.

Vita hivyo vilibadilisha hata posta yenyewe. Zamani barua haikuletwa nyumbani bila malipo ya ziada. Ulikwenda kuifuata posta. Husimuliwa kwamba katika baridi ya mwaka 1862 karani mmoja wa posta mjini Cleveland, jina lake Joseph Briggs, aliwaona wanawake wamepanga foleni ndefu wakitetemeka, wakingoja kujua kama waume na wana wao wako hai, akaona haifai. Kuanzia tarehe 1 Julai 1863 barua zikaanza kupelekwa hadi mlangoni bure katika miji mikubwa. Mwaka 1864 ukaanzishwa utaratibu wa hawala ya posta, ili askari aweze kutuma mshahara nyumbani bila kuogopa wezi. Mshahara wenyewe ulikuwa dola 13 kwa mwezi, na mara nyingi ulichelewa kwa miezi.

Kusini mambo yalikuwa mengine. Nauli ya barua ilipanda hadi senti 10. Karatasi ziliadimika. Watu walipindua bahasha kuukuu wakazitumia upande wa ndani, wakakata karatasi za kupambia kuta wakatengeneza bahasha mpya, na walipojaza ukurasa waligeuza karatasi ubavuni wakaandika tena juu ya mistari ya kwanza kama wavu. Msomaji alikodoa macho hadi machozi yakamtoka, na si kwa huzuni peke yake.

Barua hizo zilisema nini? Usidhani zilijaa ushujaa. Mume anauliza kama yule ng'ombe amezaa. Anaeleza shamba lipi lipandwe kwanza, na jirani yupi asikopeshwe kitu. Mke anasimulia mtoto ameota meno, mvua imekataa, baba mzee anakohoa. Nadhani hapo ndipo penye utamu wake: kwa dakika chache askari anakuwa tena baba mwenye nyumba. Na kwa kuwa barua za kawaida hazikukaguliwa na jeshi (za wafungwa tu ndizo zilizokaguliwa), watu waliandika waliyoyaona. Walitaja mahali walipo, njaa, makosa ya majenerali, kila kitu.

Lakini habari mbaya ilisafirije? Hapa ndipo mfumo ulipokuwa na tundu kubwa. Jeshi halikuwa na utaratibu kamili wa kuziarifu familia za waliokufa. Askari hawakupewa kibati cha jina cha kuvaa shingoni kama wanajeshi wa leo. Familia zilisoma orodha gazetini, ambazo zilijaa makosa, au zilingoja rafiki wa marehemu awaandikie. Inasimuliwa kwamba kabla ya shambulio la Cold Harbor, Juni 1864, askari walionekana wakiandika majina yao kwenye vipande vya karatasi na kuvibandika mgongoni mwa makoti yao, ili kesho yake maiti zitambulike.

Kisa cha sajini Amos Humiston kinaonyesha hali hiyo kuliko maelezo yangu. Huyu alikuwa mtu wa Portville, jimbo la New York, mwenye mke na watoto 3. Mwaka 1863 mkewe Philinda alimtumia kambini picha ya watoto hao, naye akamjibu kwa furaha kubwa. Tarehe 1 Julai 1863, siku ya kwanza ya mapigano ya Gettysburg, ambako kwa siku 3 zaidi ya watu 50,000 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea, Humiston aliuawa pembeni mwa mji. Hakuwa na barua wala karatasi yoyote ya kumtambulisha. Mkononi alishika ile picha.

Hakuna aliyejua ni nani. Picha ikaangukia mikononi mwa daktari mmoja wa Philadelphia, ambaye aliamua kuutafuta ukoo wake. Magazeti ya wakati ule hayakuweza kuchapa picha, kwa hiyo yalichapa maelezo: watoto 3, wavulana wawili na msichana, umri wao hivi na hivi, na shati la mvulana mkubwa limeshonwa kwa kitambaa kile kile cha gauni la dada yake. Habari hiyo ilitoka Oktoba 1863, magazeti mengine yakainakili. Mwezi wa Novemba ikamfikia Philinda, ambaye tangu mapigano yale hakuwa amepata neno kutoka kwa mumewe. Akaandika kuuliza, akaletewa nakala ya picha. Naam, ni wale wanawe. Kwa zaidi ya miezi 4 alikuwa mjane bila kujua, na aliyempasha habari ni kitambaa alichokifahamu.

Sasa turudi kwenye lile nililosema mwanzoni, kwamba barua iliweza kumtoa mtu vitani.

Kusini, kadiri vita vilivyoendelea, ndivyo njaa ilivyozidi nyumbani. Wanaume walikuwa jeshini, manowari zimefunga bandari, fedha ya karatasi haina thamani, na tangu Aprili 1863 serikali ilidai sehemu ya kumi ya mazao ya kila mkulima. Tarehe 2 mwezi huo huo wanawake wenye njaa waliandamana Richmond, mji mkuu wa Kusini, wakavunja maduka na kubeba mikate na unga. Juu ya hayo, sheria ya Oktoba 1862 iliruhusu Mzungu mmoja asiende jeshini katika kila shamba lenye watumwa 20. Maskini asiye na mtumwa hata mmoja akaona wazi kwamba anapigania mali ya mwingine huku watoto wake wanalala njaa.

Mke wa maskini huyo aliandika. Hakumwambia mumewe aisaliti nchi, la. Alieleza tu kwamba unga umekwisha na mtoto mdogo ni mgonjwa. Ebu jiulize wewe ungefanya nini ukisoma hayo ukiwa katika handaki, tumbo tupu, na nyumbani ni mwendo wa siku 10 kwa miguu. Magazeti ya Kusini yaliwasihi wanawake waandike barua za kuchangamsha, wafiche shida. Wakubwa wa jeshi waliwapiga risasi baadhi ya watoro mbele ya wenzao ili wengine waogope. Hata hivyo wanaume waliendelea kuondoka, na wengi walidai hawatoroki, wanakwenda kupanda mahindi kisha watarudi. Februari 1865 Jenerali Robert E. Lee, mkuu wa majeshi ya Kusini, alimwandikia gavana wa North Carolina akilalamika kuwa askari wake wanatoroka kwa wingi, na kwamba wanavunjwa moyo na wanayoambiwa na watu wa nyumbani kwao. Miezi miwili baadaye, tarehe 9 Aprili 1865, Lee akasalimu amri huko Appomattox. Wapo watakaosema alishindwa na mizinga na wingi wa watu wa Kaskazini. Ni kweli, lakini mimi ningeongeza na zile karatasi za kupambia kuta.

Imebaki habari moja, nayo nimeiweka mwisho kwa sababu ndiyo inayonigusa zaidi. Kiasi cha watu Weusi 180,000 walipigana katika jeshi la Kaskazini, wengi wao wakitoka utumwani moja kwa moja. Mwanzoni walilipwa dola 10, zikakatwa 3 za mavazi zikabaki 7, wakati Mzungu alipata 13. Ni hadi Juni 1864 bunge lilipowasawazisha. Wengi hawakujua kusoma, kwa kuwa katika sehemu nyingi za Kusini kumfundisha mtumwa kusoma lilikuwa kosa la jinai. Kambini walijifunza alfabeti baada ya kwata, bunduki kando, kitabu magotini.

Kwao habari za nyumbani zilikuwa na uchungu wa namna yake, maana mke na watoto bado walikuwa mali ya bwana. Katika jimbo la Missouri, lililobaki upande wa Kaskazini ilhali lina watumwa, askari Richard Glover alipata barua ya mkewe Martha, iliyoandikwa tarehe 30 Desemba 1863. Martha alimweleza kwamba tangu aondoke hajaona ila taabu: anapigwa na kutukanwa kwa sababu mumewe amejiunga na jeshi, na mabwana wanasema hawatawatunza watoto wake. Akamlaumu kwa kumwacha katika hali hiyo, kisha akamsihi aombe ruhusa aje kuwaona, na asiwasahau. Barua kama hii ingemtoa kambini askari yeyote. Lakini Glover angetorokea wapi? Nyumbani palikuwa utumwani. Njia pekee ya kumkomboa Martha ilikuwa kubaki na bunduki yake. Sheria ya kuwaachia huru wake na watoto wa askari Weusi ilipitishwa Machi 1865, mwezi mmoja tu kabla Lee hajasalimu amri.

Katika jimbo hilo hilo, Septemba 1864, askari Spotswood Rice alikuwa amelazwa hospitalini karibu na St. Louis. Alikuwa na binti wawili waliobaki utumwani, na mmoja wao, Mary, alikuwa mikononi mwa bibi aitwaye Kitty Diggs, ambaye alidai kuwa Rice anataka kumwiba mtoto huyo. Hebu sikia hiyo: baba anaambiwa anamwiba mwanawe! Rice akaandika barua mbili. Ya kwanza aliwaambia mabinti wajipe moyo, kwamba atawapata hata kama itamgharimu maisha. Ya pili alimwambia yule bibi kwamba Mary ni mtoto wake aliyepewa na Mungu, na kwamba anakuja na jeshi kumchukua.

Ajabu ni kwamba mkuu wa posta wa mji ule alikuwa kaka yake bibi Diggs. Barua zikaishia mikononi mwake. Kwa hasira akazituma zote mbili kwa jenerali aliyetawala Missouri, akimtaka amfukuze Rice jimboni kwa ufidhuli. Zikawekwa katika majalada ya serikali, na ndiyo sababu zinasomeka mpaka leo. Laiti angezichoma, tusingejua lolote. Na Mary? Alirudi kwa baba yake, akakua, akazeeka. Mwaka 1937, akiwa bibi wa zaidi ya miaka 80 huko St. Louis, alikaa na watu waliokuwa wakikusanya masimulizi ya waliowahi kuwa watumwa, akawasimulia habari za baba yake, askari.